Sura ya Saba: Mpira Uliopasuka Usiutupe

Mpira ulipasuka saa nne asubuhi, kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Eskaveta ilikuwa imenyanyua mkono, bakuli limejaa mawe, na oili ya moto ikaruka ikafunika kioo cha opereta chote. Malori yaliyokuwa kwenye foleni ya kupakia yakazima injini moja baada ya jingine. Wakati huo nilikuwa kijana wa gereji, kazi yangu kubeba boksi la spana, na nakumbuka neno la kwanza alilosema tajiri wa machimbo alipofika: "Hawa wa mjini wametuuzia feki tena."

Mzee wetu wa gereji hakujibu. Alikitafuta kipande kilichopasuka, ambacho mimi nilikuwa nimeshakitupa, akakifuta kwa tambara, kisha akaomba msumeno wa chuma. Akakipasua kwa urefu, taratibu, kama mtu anayepasua samaki asiharibu nyongo. Akachungulia ndani, akanipa na mimi nichungulie. "Mwanangu, huyu kafa kwa ugonjwa gani?"

Nikasema presha. Akacheka. "Presha ndiyo kazi yake. Hapo ni kama umesema kuli kafa kwa mzigo."

Jibu la swali lake nitalitoa, lakini kwanza tumjue marehemu.

Mpira wa haidroliki, ambao wengine huuita hosi na wengine hosipaipu, una tabaka tatu. Ndani kuna utumbo, yaani neli laini inayopitisha oili. Juu ya utumbo kuna waya za chuma, ama zimesukwa kama ukili, ama zimezungushwa kama kamba kwenye pia, tabaka juu ya tabaka. Nje kabisa kuna ngozi. Utumbo unazuia oili isivuje, waya ndizo zinazobeba presha, na ngozi inazilinda waya dhidi ya maji, jua na mikwaruzo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kufanya kazi ya mwenzake. Mtu anayesema "umechubuka juu tu, hauna neno" anasahau kwamba waya zikishaonekana zitaanza kuota kutu, na waya yenye kutu haibebi kitu.

Presha yenyewe hupimwa kwa baa (si ile ya kunywea bia). Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa baa mbili na kidogo. Eskaveta ya tani 20 hufanya kazi kwenye baa zinazokaribia 350. Baa moja ni karibu sawa na kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, kwa hiyo chukua magunia matatu na nusu ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, uyabandike juu ya ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo nguvu inayousukuma utumbo wa mpira kutoka ndani, kila sehemu, kila opereta anapovuta wenzo.

Ndiyo maana mpira wa kweli huandikwa mgongoni. Maandishi yale si urembo. Yanataja kiwango kilichofuatwa, kipenyo cha ndani, presha ya kazi, na mara nyingi robo ya mwaka na mwaka uliotengenezwa. Ukikuta 2SN, maana yake ni waya zilizosukwa tabaka mbili. 4SP na 4SH ni waya za kuzungushwa tabaka nne, na hizo ndizo za kazi nzito. Mpira wa 2SN wa nusu inchi umepangiwa presha ya kazi ya baa 275, na kiwango kinadai usipasuke kabla ya kufika baa 1,100. Yaani mara nne. Watu wengi wakisikia hiyo "mara nne" hupata kiburi, wakaona wanayo akiba ya kuchezea. Akiba ile si ya kutumia. Imewekwa kwa ajili ya mshituko wa presha pale bakuli linapogonga mwamba, na kwa ajili ya uchovu wa waya zinazonyooshwa na kulegezwa mamia ya maelfu ya mara. Anayefunga mpira wa baa 275 kwenye mashine ya baa 350 kwa kuwa "unahimili 1,100" ameshaila akiba kabla siku haijaanza.

Sasa tuisome maiti.

Kama mpira umepasuka katikati, mahali paliponyooka, tundu moja na waya zimechanua kama ufagio wa chelewa, hapo shuku mishituko ya presha au valvu ya usalama iliyokazwa kupita kiasi. Fundi mwenye haraka huikaza valvu hiyo "ili mashine ipate nguvu." Mashine hupata nguvu kweli, kwa wiki kadhaa.

Kama umepasuka kwenye mgongo wa kona, upande wa nje, ulikunjwa kupita uwezo wake. Kila mpira una kikomo cha kukunjwa. Huo wa nusu inchi niliotaja, kona yake isiwe na nusu kipenyo cha chini ya milimita 178, ambayo ni karibu shubiri moja ya mtu mzima. Ukiubana zaidi ya hapo, waya za nje zinaachana na za ndani zinarundikana, na utumbo utatokea kwenye pengo.

Ukiukunja mpira mikononi ukasikia mlio wa kupasuka kama mkate mkavu, huo umekaangwa. Mpira mwingi wa kawaida wa haidroliki mwisho wake ni nyuzijoto 100. Mafundi wana kadirio la mdomoni, kwamba kila nyuzi 10 juu ya kikomo hukata nusu ya umri wa mpira, na kwa nilivyoona gerejini kadirio hilo halidanganyi sana. Hapo usiulaumu mpira. Kaangalie kipoza oili kama kimeziba vumbi, na uangalie kama mpira haupiti jirani na ekzosi.

Kinyume chake ni mpira uliolainika, umevimba, ukiubonyeza unanata. Huo umelishwa kitu usichokula. Utumbo wa mipira mingi ya haidroliki hupatana na oili ya madini lakini huvimba ukikutana na mafuta ya breki; na mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki huharibiwa na oili ya madini. Kopo moja lililowekwa kimakosa linatosha kuharibu mipira ya mashine nzima.

Yupo pia muuaji asiyeacha damu. Mpira kwa nje mzima, hauvuji, lakini mashine imechoka, mkono unapanda kwa kujivuta, pampu inalia kama imetafuna changarawe. Hapo watu hubadilisha pampu. Nimeona pampu ya pili ikifungwa kabla mtu hajaukagua mpira wa kufyonzea unaotoka kwenye tangi. Mpira huo hausukumwi bali unavutwa, kwa hiyo kifo chake ni kunywea: kuta zinakutana ndani kama mrija wa soda unaofyonzwa na mtoto mwenye pupa. Wakati mwingine ni utumbo uliobanduka ukawa kama ulimi, oili ikipita unafungua, ikirudi unaziba. Fundi asiyeufungua mpira huo akachungulia kwa tochi atauza spea nyingi bila kuponya ugonjwa.

Na kujipinda. Watazame mafundi wawili wakifunga mpira: mmoja anakaza nati kwa spana moja, mwingine kwa mbili. Wa spana moja anauzungusha mpira pamoja na nati, na mpira uliojipinda utajaribu kujikunjua kila presha inapoingia, ukizichosha waya na kuilegeza nati. Mstari wa maandishi mgongoni una faida hii ya pili: ukiuona umejizungusha kama mlingoti wa kinyozi, legeza ufunge upya. Digrii chache tu za kujipinda zinaondoa sehemu kubwa ya maisha ya mpira.

Turudi machimboni. Kipande kile kilikuwa kimekatika nyuma tu ya fitingi, yaani kichwa cha mpira, waya zimechakaa palepale inapoishia pete ya chuma, na kwingineko kote mpira ulikuwa mpya kabisa. Mzee hakuuliza umenunuliwa duka gani. Aliuliza: "Mara ya kwanza mlipokwenda kuutengenezesha, mlipeleka nini kama kipimo?" Wakamjibu, tulipeleka ule uliopasuka. "Na mara ya pili?" Tulipeleka ule wa pili.

Mpira ukiingiwa na presha hubadilika urefu. Unaweza kurefuka kwa asilimia 2 au kufupika hadi asilimia 4, kwa hiyo mpira wa mita moja unaweza kujivuta sentimita nne nzima. Ule wa kwanza kabisa, uliokuja na mashine, ulikuwa na ulegevu wake. Duka la kwanza liliukata mfupi kidogo. La pili likapima ule mfupi, likapunguza tena kidogo. La tatu likanakili kosa la la pili. Mkono wa eskaveta ulipofika mwisho wa safari yake, mpira ulikuwa umekazika kama kamba ya ngoma, na kila presha ilipoingia ukawa unajing'oa kwenye fitingi. Mzee aliuegesha mkono wa mashine mahali ambapo mpira hunyooka kuliko pote, akapima njia kwa kamba ya katani, akaongeza ulegevu, akamtuma dereva mjini na ile kamba. Kisha akaniagiza nitafute kibano cha kuushikilia mpira, ambacho mtu alikuwa amekifungua zamani na hakukirudisha. Tajiri hakuamini kwamba tatizo lake limetibiwa na kamba. Mpira ule haukupasuka tena muda wote niliokaa kwenye gereji ile.

Sisemi kwamba mipira feki haipo. Ipo, na iko mipira halali iliyozeekea dukani, imening'inizwa juani kwenye msumari mmoja ikajikunja kama nyoka aliyeuawa. Kiwango cha Kijerumani, DIN 20066, kinataka mpira uliokwisha kufungwa fitingi usizidi miaka 6 tangu ulipofungwa, na katika hiyo, muda wa kukaa stoo usizidi miaka 2. Kwa hiyo soma tarehe mgongoni kabla hujatoa hela. Stoo iwe baridi, giza, na mbali na mashine ya kuchomelea na mota za umeme, maana cheche zake hutengeneza ozoni, nayo huuchanja mpira nyufa ndogondogo mithili ya ngozi ya kisigino. Miisho ya mpira izibwe, la sivyo manyigu watajenga ndani.

Ila kosa linalonitisha zaidi ya feki ni kufanana. Tarehe 14 Agosti 2002, katika mji wa Festus, jimbo la Missouri, Marekani, behewa la klorini lilikuwa linapakuliwa kwenye kiwanda cha DPC Enterprises, na mpira wa kupakulia ukapasuka. Valvu za dharura hazikuziba kama ilivyotarajiwa. Klorini ikatoka kwa karibu saa tatu, pauni 48,000, yaani takriban tani 22, na watu 63 wa jirani wakaenda kutafuta matibabu. Bodi ya serikali inayochunguza ajali za kemikali ilipoupasua mpira ule ilikuta waya zake zimesukwa kwa chuma cha pua, badala ya Hastelloy C-276, aloi inayoihimili klorini. Klorini ilikuwa ikipenya utumbo kidogo kidogo na kuzila waya. Ukiziweka metali hizo mbili mezani, kwa jicho huwezi kujua ipi ni ipi. Mpira ulikuwa mzuri, mpya, na si wa kazi ile.

Tuje kwenye vichwa, yaani fitingi, kwa sababu hapo ndipo nusu ya ugomvi wa gereji unapoanzia. Februari 1904 moto ulipouteketeza mji wa Baltimore, magari ya zimamoto yalikuja kusaidia kutoka Washington, Philadelphia na New York. Yalifika, yakatandaza mipira, na mingi ikakataa kuingia kwenye mabomba ya mji, kwa kuwa kila mji ulikuwa na hesi zake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliungua. Gereji zetu zinaishi Baltimore ndogo kila siku. Mashine imetoka Japani, pampu ni ya Kijerumani, fitingi dukani ni za Kiingereza. Fitingi ya JIC ina koni ya digrii 37. Ya BSP ina digrii 30. Hesi za saizi nyingine zinaweza kushikana mizunguko miwili mitatu, fundi akamalizia kwa bomba refu juu ya spana, akajiona ameweza. Koni hazijakaa pamoja, kwa hiyo oili itatoka.

Hapo ndipo inapoletwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Naiomba radhi tepu hiyo, ina kazi yake kwenye mabomba ya maji, lakini kwenye fitingi ya koni au ya oringi haina kazi. Kinachoziba ni koni dhidi ya koni, au oringi ndani ya mfereji wake. Hesi zinavuta tu. Tepu itakatika, vipande vitasafiri na oili, na vitakwenda kukwama ndani ya valvu yenye matundu madogo kuliko punje ya mtama.

Jambo hilo la uchafu linaanzia dukani. Mpira hukatwa kwa jiwe la kukatia, na vumbi la chuma na mpira huingia ndani. Duka zuri hupiga hewa, kisha hurusha kidonge cha sponji kipite upande mmoja kitokee wa pili, mpaka kitoke safi. Ukiwa pale, simama uone. Mwangalie pia fundi wa duka anavyobana: fitingi iingie hadi alama yake, pete ibanwe hadi kipimo kinachotolewa na mtengenezaji, naye apime kwa kalipa. Kama anabana kwa kukadiria macho, chukua mpira wako uondoke, hata kama mmekuwa mkinywa kahawa pamoja miaka kumi.

Mipira ya hewa na mvuke ina mambo yake, nami nataja moja tu. Ngozi ya baadhi yake huwa na vitobo vidogo vilivyotobolewa kiwandani kwa makusudi, ili gesi inayopenya utumbo ipate pa kutokea badala ya kuinua malengelenge. Usiirudishe dukani ukidai imeliwa na panya.

Ukaguzi wa kila siku hauhitaji chombo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, zunguka mashine ukiwa na tochi na tambara. Tafuta unyevu karibu na fitingi, ngozi iliyochubuka, mipira miwili inayosuguana, kibano kilicholegea, vumbi lililoganda mahali pamoja tu, maana vumbi haligandi pakavu. Ukiona waya, mashine isiwashwe. Unapotaka kufungua mpira, shusha bakuli hadi chini, zima injini, kisha chezesha wenzo kila upande ili presha iliyobaki itoke. Mashine iliyozimwa bado inaweza kuwa imeishika presha, kama mbwa aliyelala.

Na mkono wako usiupitishe juu ya mpira unaovuja, kwa hali yoyote. Hili niliandike bila mzaha. Tundu la ukubwa wa sindano kwenye baa 250 hutoa oili kwa kasi ya zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Haionekani vizuri, ni kama ukungu. Inapenya glavu, inapenya ngozi, inateleza ndani ya kidole ikifuata njia za kano hadi kiganjani na mkononi. Madaktari wanalijua jeraha hili tangu miaka ya 1930, pale mafuta ya injini za dizeli yalipoanza kuwaingia watu mwilini. Wanaotafuta tundu watumie kipande cha kadibodi au mbao, wakiwa wamesimama kando, macho yamekingwa.

Hatari ya jeraha hili ni kwamba haliumi mwanzoni. Kinaonekana kidoa kidogo, mtu anafuta, anaendelea na kazi. Baada ya saa chache kidole kinavimba, kinabadilika rangi, na hapo tishu za ndani zimekwisha anza kufa. Wengi waliochelewa wamepoteza kidole, na wengine mkono. Ikikutokea, au ikimtokea kijana wako wa spana, usikamue wala usisubiri uvimbe. Usile chakula, kwa sababu huenda ukahitaji kulazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji. Andika jina la oili kwenye karatasi, nenda hospitali, na usiseme umechomwa na kitu. Sema hivi: ni oili ya haidroliki, imeingia kwa presha, tangu saa fulani. Wakikusafisha wakakupa plasta na kukuambia urudi nyumbani, usiondoke. Omba daktari wa upasuaji akuone siku hiyohiyo.